Hesabu ya Nazzarena

Mgeni katoka Ghent kwa gari, gitaa kalifunga mkanda
kiti cha mbele, kama mke mjamzito.
Hajala tangu mpaka wa Uswisi. Bibi kamtazama tu:
"Mpe supu kwanza.
Kilichongoja miaka sitini kitangoja sahani moja."

Castelfidardo yetu ni mji wa kodiani.
Kila ghala lilipumua; kila mtoto aliijua harufu ya gundi.
Kisha vijana wa dunia wakataka gitaa za umeme
na Bwana Pambianchi, mtu wa kufuata upepo na risiti,
akachukua seluloidi ileile ya kodiani,
inayometameta kama magamba ya samaki mbichi,
akauvisha ubao.
Ndivyo alivyozaliwa huyu mwekundu wa swichi sita,
mbili kati yake hazijawahi kufanya chochote.

Joost kalifungua mezani. Skrubu nne
zimo kwenye kisahani cha kahawa, hazipumui.
Chini ya sumaku, kwa penseli: N.B., 9 Machi 1964.
"Ni wewe?"
Bibi kavaa miwani ya kusomea vibandiko vya dawa.
"Ni mimi. Hiyo N ndiyo kwanza nilikuwa naitia madaha."

Sasa daftari. Joost anasema, nami natafsiri,
Kiingereza changu kikichechemea,
kwamba amepima sumaku mia na kumi na mbili za kiwanda kile.
Zote huongea kama makarani.
Hii peke yake ina ukali wa ndimu
na chini ya ukali, mtu anayenguruma usingizini.
Anataka siri. Waya ulizungushwa mara ngapi?
Mkono uliuvuta kwa nguvu gani? Fundi alikuwa nani?

Bibi anakusanya makombo ya mkate kiganjani.
"Tuliambiwa elfu sita. Mashine ilizungusha,
sisi tuliuongoza waya, mwembamba kuliko unywele wa kichanga,
tukihesabu kwa midomo.
Jumatatu ilikuwa siku mbaya. Ersilia alikaa kulia kwangu,
na Jumapili kulikuwa na dansi Osimo."
Kanyamaza. Kacheka kwa pua.
"Alipofika kwa yule dereva wa lori la barafu
mimi nilikuwa elfu mbili na mia ngapi sijui.
Nikazungusha tu mpaka hadithi ikaisha."

Natafsiri. Kalamu ya Joost inasimama hewani.
Miaka kumi na moja ya vipimo, mizani, grafu za rangi,
na jibu ni umbea.

Nikaleta amplifaya ya babu kutoka chumba cha nyanya za kopo.
Valvu zikachukua muda wake kuwaka, kama wazee kuinuka kitini.
Joost katoa begini pedali ya kijivu, rangi imebanduka
pale ambapo buti za watu asiowajua zilikanyaga,
akaikanyaga naye, akiwa na soksi,
akapiga noti moja.

Vijiko vikatetemeka droo nzima.
Noti ilikwaruza, ikapanda, ikakataa kufa;
ikaingia korido, ikamwamsha mbwa wa jirani.
Ndani yake, naapa, mlikuwa na kitu kisichofuata mstari,
kama mtu asemaye *ngoja, sijamaliza.*

Bibi hakulia. Alishika ukingo wa meza
hadi vijiko vilipotulia.
"Sauti yake ilikuwa juu zaidi," akasema. "Lakini ndiyo."

Ersilia alipanda meli kwenda Rosario mwaka ule ule.
Barua tatu, kisha kadi ya Krismasi, kisha basi.

"Niandike nini?" akauliza Joost, daftari wazi,
safu ya *mizunguko* bado tupu.
"Andika dereva aliitwa Quinto.
Andika hakumwoa."
Akaandika. Nilimwona akiandika, kwa herufi kubwa,
mahali pa namba.

Mlangoni, gitaa limeshafungwa mkanda, kakumbuka:
na zile swichi mbili?
Bibi kainua mabega.
"Bwana Pambianchi alisema watu hupenda kuchagua."